Bi Koleo na Ndoana Tatu za Kenge

— Hadithi naitupa!
— Itupe tuidake!
— Imezama!
— Ivute tuione!
— Na ikiwa nzito?
— Tutasaidiana!

Haya, sogeeni huku kwenye kivuli cha ukuta. Mchana kama huu, upepo umekwenda kujilaza na kuku wamekaa midomo wazi, ndio mchana wa ngano hii. Nilipewa na mjomba wangu, Kombo Faki, aliyekuwa fundi wa kufunga ndoana kwenye boti za wageni wanaovua samaki wakubwa. Kila mteja aliyemwambia, "Mzee Kombo, nipe ndoana kubwa kuliko zote," mjomba hakubishana naye. Alimvutia kibao, akamkalisha, akamsimulia. Wengine walisinzia. Wengine walipozinduka walichagua ndoana nyingine.

Basi, hapo kale, bahari ilipokuwa bado haijaamua iwe na rangi gani, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Sinzia. Mchanga wake mweupe, maji yake mazito kama tui la kwanza. Mawimbi yalifika pwani polepole, shwee... yakapumzika, kisha yakarudi, shwee... Ukifika Sinzia na haraka zako, ulikuwa unakaa chini kidogo tu, na ukisimama huikumbuki tena ile haraka ilikuwa ya nini.

Hapo waliishi kaa, kila mmoja na shimo lake. Na katika kaa hao alikuwapo mmoja mdogo, mwenye gando moja kubwa kuliko kichwa chake. Wenziwe walimwita Bi Koleo, kwa sababu gando lile lilikunja chuma kama koleo la fundi. Kwenye mwamba palikuwa na meli iliyovunjika tangu enzi na enzi, na Bi Koleo alikwenda huko akang'oa misumari, akaikunja, akainoa juu ya jiwe, kwaru, kwaru, kwaru, akatengeneza ndoana. Kaa havui samaki, mnajua. Alizitengeneza tu kwa sababu alipenda kuona kitu kilichonyooka kikipinda vizuri.

Siku moja akaja Kenge.

Alikuja akiogelea kutoka huko alikotoka, mwili mrefu kama mtumbwi, makucha marefu, ulimi unatoka na kuingia, na tumbo lisilojua neno "basi". Akala mayai ya kasa, akamaliza. Akala mayai ya ndege, akamaliza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akawaona kaa.

Akaja juu ya mchanga, mkia unakokota nyuma yake: khwaaa, khwaaa, khwaaa.

Kaa wakakimbilia mashimoni: chwi! chwi! chwi!

Kenge akafukua: fuku, fuku, fuku.

Kisha ikasikika: kacha, kacha. Na shimo moja likawa halina mwenyewe.

Kesho yake tena: khwaaa, khwaaa. Chwi! chwi! Fuku, fuku. Kacha, kacha. Na shimo jingine.

Kaa wakasema, "Tuhame. Twendeni ng'ambo ya mwamba." Wakaanza kuhama, wengine na watoto mgongoni, wengine wanalia. Bi Koleo hakuhama. Hakuweza. Dada yake mkubwa, Bi Gando, alikuwa ndio kwanza amejivua gamba. Kaa akijivua gamba, mwili wake unakuwa laini kama ute wa yai. Hatembei, hapigani, anajificha tu mpaka gamba jipya ligande. Bi Gando alikuwa amelala chini kabisa shimoni, hawezi hata kuinua mguu.

"Mdogo wangu, nenda," alisema Bi Gando. "Mmoja akibaki si sawa na wawili kubaki."

"Gamba lako litakuwa gumu lini?"

"Siku tatu. Labda nne."

"Basi nipe siku tatu," alisema Bi Koleo, na akatoka nje kabla dada yake hajamjibu.

Alimkuta Kenge amejinyoosha juani, anajichokonoa meno kwa mguu wa kaa. Bi Koleo akasimama mbali kidogo. Moyo wake ulikuwa unapiga ti-ti-ti, lakini sauti akaitoa laini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," alisema Kenge, na jicho moja likafunguka. "Wewe ni chakula changu cha leo au cha kesho?"

"Vyovyote utakavyo, Mjomba. Ila nakuonea huruma. Mwili wote huo unalishwa magamba! Sisi nyama yetu haijazi hata kijiko. Ukitutafuna, unamaliza meno tu."

"Kweli meno yanauma," alikiri Kenge.

"Na huko nje, penye maji ya buluu, anapita Nduaro. Yule samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga. Mmoja tu, Mjomba, unakula mwezi mzima, na bado unabakiwa na mabaki."

Jicho la pili likafunguka.

"Nduaro ana mbio. Nitamshikaje?"

"Kwa kurambaza. Unashika mshipi, uzi wa kuvulia, unaogelea mbele, na nyuma yako unafuata chambo cha uongo. Si samaki, lakini kinacheza majini kama samaki. Nduaro hawezi kukiona kinakimbia akakiacha. Ndani yake kuna ndoana. Na ndoana, mimi ndiye ninayezitengeneza."

Kenge akanyanyuka. Kivuli chake kikamfunika Bi Koleo mzima.

"Nitakwenda mara tatu," alisema. "Kila siku mara moja. Nisipopata samaki, siku ya tatu nakuja kula pwani nzima, naanzia na wewe."

"Ndiyo, Mjomba," alisema Bi Koleo.

Basi Bi Koleo akachonga kichwa cha chambo kwa kipande cha mti uliosombwa na maji. Akakibandika macho mawili ya chaza yanayong'aa. Nyuma yake akafunga vipande vya bendera ya ile meli, vyekundu vilivyopauka, vikawa vinapepea kama miguu ya ngisi. Kikawa kizuri mpaka mwenyewe akakaa akikitazama, akasahau kidogo kwa nini anakitengeneza.

Halafu akapanga ndoana tatu juu ya jiwe bapa. Ya kwanza nene. Ya pili kubwa. Ya tatu nyembamba, ndogo, ncha yake imenolewa hata mwanga unateleza juu yake.

Kenge akaja: khwaaa, khwaaa. Akazitazama.

"Chukua hii nyembamba, Mjomba," alisema Bi Koleo. Na alikuwa anasema kweli, maana alitaka Kenge ashibe samaki, aache kaa. "Mdomo wa Nduaro ni mfupa mtupu. Ncha nene inagonga na kuteleza. Ncha nyembamba ndiyo inayozama."

Kenge akacheka, hehehe.

"Unaniona mjinga? Samaki mwenye nguvu, ndoana ya uzi? Unataka ipinde, samaki aende, nirudi na njaa! Nipe hii nene. Nene kama kidole changu."

"Lakini, Mjomba..."

"Nene! Na wewe panda kichwani. Fundi lazima aione kazi yake."

Bi Koleo akapanda kichwani kwa Kenge, katikati ya macho, akashika sana. Juu yao akaruka Kitwitwi, yule ndege mdogo wa pwani asiyeweza kuona jambo akalipita: twi-twi-twi! Kenge akauma mshipi kwa meno, akaingia majini.

Waliogelea. Maji ya tui yakaisha, yakaja maji ya kijani, yakaisha, yakaja maji ya buluu. Huko hakuna chini. Bi Koleo alitazama akaona buluu, na chini ya buluu, buluu nyingine, na miale ya jua inashuka humo polepole kama vitambaa vinavyozama. Masikio yake yalijaa kimya. Kwa muda akajihisi kama hakuwa kaa wala hakuwa na woga, ila jicho tu linalotazama.

Kisha kutoka chini ikaja rangi.

Kwanza zambarau. Ikawa fedha. Ikawa buluu yenye mistari kama mtu anayewaza mambo mengi kwa pamoja. Ilikuwa Nduaro. Alipanda bila kelele, akaogelea pembeni ya chambo, akakitazama kwa jicho kubwa kama sahani. Akakipiga kwa mdomo wake: pwa! Akakimeza.

Mshipi ukaenda: shwaaaa!

Kenge akavuta. Ncha nene ikagonga mfupa: ko! Ikateleza. Ko! Ikateleza tena. Nduaro akatikisa kichwa mara moja, akatema: ptu! Akazama, na rangi yake ikafuata nyuma. Jino moja la Kenge likang'oka kwenye mshipi.

"Uwii!" alilia Kenge.

Bi Koleo alikuwa ameihisi ile nguvu. Kutikisa kichwa kumoja tu, na Kenge mzima, mwenye makucha na tumbo, aligeuka majini kama jani.

Siku ya pili, Kenge akaja na shavu limevimba.

"Ndoana yako mbovu!"

"Pole, Mjomba. Nilikuambia ni nene. Leo chukua nyembamba. Usichukue hii kubwa. Chambo chetu ni kidogo. Ukikitia ndoana kubwa kitalala ubavu, hakitacheza."

Kenge akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Kwa nini unaisifu sana hii ndogo? Eh? Mdomo mkubwa unataka ndoana kubwa. Hata mtoto anajua. Nipe hii kubwa!"

"Mjomba, naapa nasema kweli."

"Kila anayeapa ananificha kitu. Panda kichwani."

Wakaenda. Tui, kijani, buluu. Kitwitwi juu: twi-twi-twi! Lakini chambo hakikucheza. Ndoana ilikuwa kubwa kuliko chenyewe, ikakivuta upande, kikalala chali, kikakokotwa kama kandambili iliyosahauliwa ufukweni. Samaki wadogo wakaja kukitazama wakaondoka. Jodari wakapita wakaangaliana. Nduaro akapanda na rangi zake zote, akakaribia, akaitazama kandambili ile kwa muda mrefu, kwa huruma, kisha akageuka akaenda zake.

Kenge akaogelea mpaka jua likapinduka. Hakuna kitu. Njiani kurudi akanguruma tumboni na mdomoni pia.

"Kesho," alisema. "Kesho nakuja na njaa ya siku tatu."

Bi Koleo akaingia shimoni. Mwili wa Bi Gando ulikuwa umeanza kushika, lakini ukimgusa unabonyea.

"Umechoka, mdogo wangu."

"Dada, nimemwambia kweli mara mbili. Kila nikimwambia kweli, anafanya kinyume. Anajua yeye ni mwongo, basi anadhani dunia nzima ni waongo."

"Basi mdanganye."

"Uongo wangu atautambua. Ndio anaoujua." Bi Koleo akatazama gando lake. Kisha akasema taratibu, "Nitamdanganya kwa kweli."

Akamweleza dada yake. Akamweleza nguvu ya Nduaro, na mkia wa Kenge, na mshipi. Bi Gando akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo Bi Koleo hakulitaka.

"Na huyo samaki? Kosa lake nini?"

Bi Koleo alikuwa amekwishaiona ile rangi ikipanda kutoka chini. Tangu jana akifumba macho anaiona.

Alfajiri akaenda kwenye meli. Alikuwa na misumari ya aina mbili. Mmoja wa shaba, ambao ungekaa baharini miaka mia bila kuharibika. Mwingine wa chuma, umeanza kushika kutu tayari. Ile ndoana nyembamba ya juu ya jiwe alikuwa ameitengeneza kwa shaba, na ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kukunja. Akaichukua, akaitazama kwa mara ya mwisho, akaitupa majini: blup. Akauchukua msumari wa chuma. Akaukunja uleule mkunjo. Kile kijino cha ndani kinachozuia ndoana isitoke akakisaga mpaka kikabaki kidogo kama punje ya mchanga. Kisha akainoa, akiimba. Na ninyi mwitikie "kwaru".

— Ncha yangu, amka!
— Kwaru!
— Kuwa kali leo.
— Kwaru!
— Na ukimaliza kazi,
— Kwaru!
— Oza taratibu.
— Kwaru, kwaru, kwaru!

Jua lilipopanda, akaja Kenge. Khwaaa, khwaaa, khwaaa. Ulimi nje. Tumbo limeshikana na mgongo.

Juu ya jiwe palikuwa na ndoana mbili tu, ile nene na ile kubwa. Bi Koleo alikuwa amekaa juu ya kitu.

"Umekalia nini?"

"Kitu kidogo tu, Mjomba."

"Ondoka hapo!"

Bi Koleo akasogea polepole. Ndoana nyembamba ikang'aa.

"Mjomba, nakuomba usiichukue hii. Naiogopa. Ikizama kwenye mdomo wa Nduaro haitoki siku hiyo, hata ukitaka itoke. Chukua ile nene, utarudi salama."

"Ahaa!" Kenge akaruka. "Siku zote unanisifia hii, na leo njaa imenibana unaificha! Ulitaka uivulie mwenyewe! Nipe!"

Akainyakua. Bi Koleo akaifunga kwenye chambo. Akaiweka ncha ielekee juu, akahakikisha chambo kinakaa wima, kikapimwa kwenye kidimbwi, kikacheza kama kitu kilicho hai.

"Na mshipi, Mjomba, uushike kwa meno kama kawaida. Usiufunge mwilini. Nduaro akizidi nguvu, unafungua mdomo, unamwachia, yamekwisha."

Ungeweza kuyaona mawazo ya Kenge yakizunguka kichwani kama nzi.

"Nimwachie," alisema. "Unataka nimwachie. Nikifungua mdomo, samaki anaelea, ninyi mnakuja mnamla. Ndio mpango wenu!"

"Siyo, Mjomba."

"Ufunge! Ufunge mkiani! Fundo lisilofunguka!"

"Mjomba, fundo lisilofunguka ni baya kwa anayefungwa."

"Funga nimesema!"

Bi Koleo akamfunga. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akasema neno moja zaidi, na hili alilisema kutoka moyoni, maana hata adui ukimfunga kwa mkono wako mwenyewe kitu kinakugusa.

"Basi nichukue nami niende. Mambo yakiharibika, nitakukatia mshipi kwa gando langu."

Kenge akacheka mpaka akakohoa.

"Ili ukirudi udai fungu la fundi? Kaa hapohapo. Leo nakwenda peke yangu na nakula peke yangu."

Akaingia majini. Kitwitwi akamfuata juu. Bi Koleo akabaki kwenye jiwe, anawaona wakipungua, wakawa doa, wakawa kumbukumbu ya doa. Bahari ikatulia. Mawimbi yakaja, shwee... yakarudi. Yaliyofuata aliyaona Kitwitwi, na yeye ndiye aliyesimulia.

Alisema chambo kilicheza. Kilizama kidogo, kikaibuka, kikavuta pumzi ya mapovu, kikazama tena. Vile vipande vya bendera vilifunguka na kufumba. Hata Kitwitwi mwenyewe, ndege mwenye akili zake, alitaka kushuka akidonoe.

Nduaro akapanda. Zambarau, fedha, buluu. Hakutazama mara mbili. Pwa! Akameza. Na ile ncha nyembamba ikazama bila sauti, kwenye kona ya mdomo, hata yeye hakuhisi mpaka mshipi ulipokaza.

"Nimempata!" alipiga kelele Kenge. "Ni wangu peke yangu!"

Nduaro akageuka akakimbia.

Shwaaaaaa!

Kenge akaenda kinyumenyume. Makucha yake yalikwaruza maji, lakini maji hayashikiki. Mkia mbele, kichwa nyuma, alipita juu ya bahari kama jiwe bapa lililorushwa: pa, pa, pa, pa, pa.

"Nani amenishika?" aliuliza Nduaro bila kupunguza mwendo.

"Mimi! Mimi Kenge! Nimekuvua!"

"Umenivua?"

"Ndiyo! Wewe ni chakula changu!"

Nduaro akafikiri kidogo. Samaki wa maji ya buluu hawana haraka ya kujibu.

"Kama umenivua wewe," alisema, "mbona tunakwenda kwangu?"

Kenge akameza maji, akakohoa.

"Niachie," alisema Nduaro.

"Siwezi. Niachie wewe."

"Mimi nimekushika na nini?"

Basi wakaendelea. Walipita kisiwa cha kwanza, Kenge akasema, "Niteremshe hapa." Walipita kisiwa cha pili, akasema, "Hata hapa panatosha." Kisiwa cha tatu alikuwa hasemi tena. Kitwitwi akawafuata mpaka mabawa yakamuuma, akarudi.

Jioni ile kaa waliokuwa wamehamia ng'ambo ya mwamba wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hawakupiga vigelegele. Walisimama mbele ya mashimo yaliyokosa wenyewe, wakayafukia vizuri, wakasawazisha mchanga. Bi Koleo akaenda shimoni. Alimkuta Bi Gando amesimama kwa miguu yake yote, gamba jipya, jekundu kidogo, gumu.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Umemdanganya?"

"Nimemwambia kweli tatu," alisema Bi Koleo. "Nilizichagua kama ninavyochagua misumari." Akakaa chini, na hapo ndipo alipolia, na dada yake akamwekea gando begani, akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

Siku ya saba kule mbali chuma kilimaliza kuoza. Tik! Ndoana ikakatika katikati. Kipande kikadondoka kwenye ile buluu isiyo na chini, na Nduaro akafungua mdomo na kuufunga mara mbili, akashangaa, akaenda zake. Kenge mawimbi yalimchukua yakamtupa kwenye tope la nchi ngeni, kwenye bwawa la vyura, mshipi ungali mkiani.

Msimu uliofuata, ndege walipohama, Kitwitwi alipita nchi ile akamwona. Kenge amekaa juu ya gogo, amenenepa tena, vyura wamemzunguka mamia kwa mamia, wamenyamaza kwa heshima.

"Nikamwambia Nduaro, simama!" alikuwa anasimulia Kenge. "Akatetemeka. Nikamburuta visiwa vitatu!"

"Kro!" walishangaa vyura. "Na nyama yake iko wapi, Mzee?"

"Nilimwonea huruma nikamwachia," alisema Kenge, na akafuta chozi.

Vyura wakapiga makofi. Siku ileile wakamfanya Mkuu wa Uvuvi wa bwawa lote, ingawa bwawa halikuwa na samaki hata mmoja. Na anakalia cheo hicho mpaka leo, na kila mwaka visiwa vinaongezeka.

Sasa fundisho, maana mmenikazia macho mkilingoja. Fundisho la ngano hii ni kwamba tamaa haina ubaya wowote. Msiwasikilize wanaoisema vibaya. Kenge alitamani, akasafiri nchi za mbali bila kulipa nauli, akapata cheo. Kilichomponza ni mkia. Basi ninyi mkikuta ndoana, chagueni kubwa. Mkiambiwa kweli, kataeni. Mkipata kitu, msimgawie mtu. Mtafika mbali sana. Ila kwanza kila mmoja ajipapase nyuma ahakikishe kwamba hana mkia.

Haya, ngano yangu imefika ukingoni. Palipokuwa na utamu chukueni ninyi mkawape na majirani. Palipochacha niachieni mimi, nitapatia bizari.